Aktuaria, Chiromo au "taasisi ya utafiti": kisa cha binti mmoja wa Umoja

Binti ninayemzungumzia anatoka Umoja, mashariki mwa Nairobi. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yalipotangazwa alikuwa na A- ya jumla, A ya hisabati na A- ya fizikia. Nilimfundisha hisabati kidato cha tatu na cha nne, kwa hivyo wazazi wake waliponiita nyumbani tuzungumzie atakachojaza kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi nafasi za vyuo, nilikuwa namjua vizuri. Wameniruhusu kuandika habari hii bila majina. Nimeiandika kwa sababu kila mwaka familia nyingi hukwama pale pale walipokwama wao.

Njia zilizokuwa mezani zilikuwa nne. Babake, karani wa Sacco, alitaka asome aktuaria, yaani hesabu za bima, pensheni na hatari. Mjomba wake alikuwa amesikia habari za chuo cha Wahindi kilichofunguliwa Zanzibar. Binamu yake alileta kijitabu cha chuo kimoja cha kibinafsi kando ya barabara ya Thika, kinachojiita taasisi ya utafiti wa sayansi na hisabati. Binti mwenyewe alitaka hisabati yenyewe, kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mamake, anayeuza nguo soko la Toi, hakuwa na kozi aliyoing'ang'ania. Alitaka kujua karo italipwa vipi na mtoto atamaliza lini, na nasema wazi kwamba maswali yake yalikuwa na uzito sawa na ya wengine wote.

Kilichoongeza ugumu ni neno "utafiti". Binti alikuwa amelishika kwa mikono miwili. Alitaka mahali ambapo hisabati hutengenezwa, si mahali inapokaririwa tu, na kijitabu kilikuwa kimemwahidi hivyo hasa.

Mtoto anataka nini?

Kabla ya kulinganisha vyuo niliwaeleza wazazi jambo lililotokea darasani akiwa kidato cha tatu. Niliwapa wanafunzi zoezi dogo: chukua namba tasa yoyote inayozidi 3, izidishe kwa yenyewe, toa 1, kisha ugawanye kwa 24. Kwa 5, kabla ya kugawanya, unapata 24. Kwa 7 unapata 48. Kwa 11 ni 120, kwa 13 ni 168. Kila mara inagawanyika bila baki. Darasa likaridhika, tukaendelea na mada iliyofuata.

Kesho yake alinifuata nje ya ofisi ya walimu. "Mwalimu, nimejaribu hadi 97 na haijakataa. Lakini kujaribu hakunitoshi. Kwa nini iwe 24?" Sikumjibu. Baada ya siku kadhaa alirudi na ukurasa mmoja. Alikuwa ameona kwamba kipeo cha pili cha namba ukitoa 1 ni sawa na kuzidisha majirani zake wawili, aliye chini na aliye juu. Namba tasa inayozidi 3 ni witiri, kwa hivyo majirani wote wawili ni shufwa, na katika shufwa mbili zinazofuatana lazima moja igawanyike kwa 4. Hapo tayari jibu la kuzidisha linagawanyika kwa 8. Tena, katika namba tatu zinazofuatana moja lazima igawanyike kwa 3, na haiwezi kuwa ile ya katikati kwa sababu ni tasa. Basi ni jirani mmoja. Nane mara tatu ni ishirini na nne.

Hakuna alama hata moja ya KCSE aliyopata kwa ukurasa ule. Ndiyo sababu nauthamini. Shahada ya hisabati, ukishavuka mwaka wa kwanza, haikuulizi tena jibu ni ngapi. Inakuuliza kwa nini, na inataka uthibitisho usio na mwanya. Wapo vijana wenye A safi ambao kazi hiyo huwachosha roho, nao si wajinga. Wanapenda hesabu inayofanya kazi fulani duniani. Kama binti huyu angekuwa wa aina hiyo, ningemuunga mkono babake jioni ile ile bila kusitasita.

Hoja ya baba

"Mwalimu, hisabati tupu itampeleka wapi?" aliniuliza. Aliuliza kwa heshima, na swali lilistahili jibu la kweli. Katika Sacco yao huja mtaalamu wa aktuaria kukagua mfuko wa pensheni, na baba ameona jinsi mtu huyo anavyosikilizwa. Alikuwa pia amelinganisha alama za chini za kujiunga na kozi zote mbili, akaona aktuaria huhitaji alama nyingi zaidi. Akahitimisha kwamba hisabati ni ya waliokosa pengine.

Hili la alama niliona lazima nilisahihishe, kwa maana linapotosha watu wengi mno. Alama za chini za kujiunga zinapima foleni. Kozi ikiombwa na wengi, alama hupanda. Ikiombwa na wachache, hushuka. Hazipimi kina cha kinachofundishwa wala uwezo wa wanaofundisha.

Kisha nikamwonyesha jambo ambalo kwangu ndilo lililoamua kisa hiki. Shahada ya aktuaria haimfanyi mtu kuwa mwanaaktuaria. Kinachomfanya ni mitihani ya chama cha kitaaluma, kwa mfano Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza, ambayo Wakenya wengi huifanya karatasi baada ya karatasi kwa miaka. Mitihani hiyo haimfungii nje mwenye shahada ya hisabati. Ni kweli kwamba aliyesoma aktuaria katika chuo kinachotambuliwa na chama huweza kusamehewa baadhi ya karatasi, na aliyesoma hisabati atalazimika kuzifanya na kuzilipia. Nilimwambia hivyo bila kuficha, kwa sababu ni pesa. Lakini njia ipo.

Upande wa pili hali ni tofauti. Aliyesoma aktuaria akitaka kufanya uzamili wa aljebra au topolojia ataulizwa: ulisoma lini nadharia ya makundi? Ulithibitisha nini katika uchanganuzi? Vitu hivyo havisomwi kwa wiki mbili za likizo. Mara nyingi italazimu arudi nyuma mwaka mzima au zaidi. Basi kwa kijana wa miaka kumi na minane ambaye bado anaweza kubadilika, shahada ya hisabati inaacha milango mingi zaidi wazi. Baba hakukubali papo hapo, ila aliacha kusema "hisabati tupu".

Kijitabu cha barabara ya Thika

Kilikuwa kizuri kwa macho: hadubini, makoti meupe, na maneno "elimu inayoongozwa na utafiti" karibu kila ukurasa. Nilimwambia binti tukichunguze pamoja, ili ajifunze kuchunguza.

Kwanza tulifungua orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Hakikuwemo. Kwenye simu tuliambiwa kwamba shahada zitatolewa na chuo cha nje ya nchi kwa ushirikiano. Ushirikiano wa namna hiyo pia huhitaji kibali cha CUE, na cheti cha nje kikiletwa nyumbani CUE ndiyo hukitambua au kukikataa. Kwa mzazi hapo pangetosha kuisha. Lakini binti alikuwa bado na moyo na kile chuo, tukaendelea.

Pili, tulichukua majina ya wahadhiri wa hisabati yaliyochapishwa kwenye kijitabu tukayatafuta kwenye zbMATH Open, hifadhidata ya machapisho ya hisabati ambayo tangu 2021 mtu yeyote huitumia bila malipo, kisha kwenye arXiv, ambako wanahisabati na wanafizikia wamekuwa wakiweka makala zao tangu 1991. Mhadhiri anaweza kuwa mwalimu hodari bila kuchapisha, sina shaka na hilo. Ila mahali panapouza utafiti panapaswa kuwa na watafiti, na tulimpata mmoja tu, mwenye makala za zamani za wakati akisomea uzamifu.

Tatu, binti mwenyewe alipiga simu na kuuliza: mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyeshiriki utafiti kwenu mwaka jana alifanya kazi gani, na alisimamiwa na nani? Aliahidiwa kupigiwa. Hakupigiwa. Napendekeza swali hilo kwa kila mtu, chuo kiwe cha umma au cha kibinafsi, kwa sababu palipo na utafiti wa kweli jibu hutoka haraka, tena kwa fahari.

Utafiti wa Nairobi uko wapi?

Nairobi si maskini wa utafiti. Kasarani kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, na ambacho leo hufanya kazi barani kote. Barabara ya Mbagathi kuna KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoundwa 1979, ambayo ushirikiano wake na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza, ulioanza Kilifi mwaka 1989 umezaa kazi nyingi za takwimu na modeli za malaria. ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, iko upande wa Kabete. Zote zinahitaji watu wa hesabu: kukadiria ugonjwa utasambaa vipi, kupanga majaribio, kusoma data ya jenomu.

Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayomsajili aliyetoka kidato cha nne ili impe shahada. Hata icipe, ambayo imekuwa ikilea wanafunzi wa uzamifu kupitia mpango wake wa ARPPIS tangu 1983, haitoi shahada yenyewe. Mwanafunzi hufanyia utafiti Duduville, kwenye makao ya icipe, na chuo kikuu alikosajiliwa ndicho humtunuku. Taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika iliyo ndani ya JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia, Juja, inayofundisha hisabati, bioteknolojia na uhandisi kwa ufadhili wa Umoja wa Afrika, huchukua wa uzamili na uzamifu tu. Kenya-AIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Konza iliyobuniwa kwa kufuata mfano wa KAIST ya Korea Kusini, nayo imelenga waliokwisha kuhitimu.

Ukivuka mipaka mambo ni hayo hayo. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzia Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003 kwa juhudi za mwanafizikia Neil Turok na ambayo leo ina vituo Senegal, Ghana, Kamerun na Rwanda, huanza na uzamili. Taasisi ya fizikia ya Kigali iliyo chini ya mwavuli wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoko Trieste, Italia, iliyofunguliwa 2018, ni hivyo hivyo. Arusha, taasisi ya Nelson Mandela ni hivyo hivyo.

India walifuata mkondo mwingine. Kuanzia 2006 walijenga taasisi za elimu na utafiti wa sayansi ziitwazo IISER, za kwanza zikiwa Pune na Kolkata, ambamo kijana anayetoka sekondari huingia moja kwa moja kwenye mpango wa miaka mitano, na mwaka wa mwisho huutumia kwa utafiti na kuandika tasnifu. Hicho ndicho binti alichokuwa akikiota bila kujua jina lake. Nairobi, utafiti na shahada ya kwanza vimekaa nyumba mbalimbali, na anayetaka vyote viwili lazima aviunganishe mwenyewe.

Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililobadilisha mazungumzo yetu: "Kwa hivyo nijiulize watanitaka niwe na nini nikifika mlangoni kwao?"

Ndilo swali. Wote hao huangalia mambo yanayofanana: nakala ya matokeo yenye yuniti zinazofaa, barua za wahadhiri wanaokujua kwa kazi na si kwa namba ya usajili, na dalili kwamba umewahi kukaa na tatizo moja kwa muda mrefu ukalitolea maandishi.

Chiromo chini ya kioo hicho hicho

Tulikipima chuo alichokipenda kwa ukali ule ule. Chuo Kikuu cha Nairobi huweka tasnifu za wanafunzi wake kwenye hazina ya mtandaoni iliyo wazi kwa umma, na hii ni mali ambayo waombaji wachache sana huitumia. Tulifungua tasnifu za uzamili za hisabati, moja baada ya nyingine. Ukurasa wa jina hukupa mada. Ukurasa wa tamko hukupa majina ya wasimamizi. Na namba ya usajili ya mwandishi huishia na mwaka aliosajiliwa, kwa hivyo ukiulinganisha na mwaka wa kuwasilisha unaona mwenyewe safari ilichukua muda gani. Binti alijaza ukurasa mzima wa daftari: nadharia ya opereta, jiometria, modeli za maambukizi, takwimu. Majina ya wasimamizi yalipoanza kujirudia alijua nani wako hai kitaaluma, na yule mmoja ambaye mada zake zilimvutia alimwekea mstari.

Idara ya hisabati ya Chiromo pia imeshiriki kwenye mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, EAUMP, ulioanza 2002 kwa msaada wa Sweden kupitia Chuo Kikuu cha Uppsala, pamoja na Makerere, Dar es Salaam na wengine. Mipango ya aina hii huleta shule fupi na wageni, na mgeni mmoja anayekusikiliza ukieleza tatizo lako anaweza kuwa ndiye atakayekuandikia barua baadaye.

Niliwaambia wazazi na upande mchungu. Madarasa ya mwaka wa kwanza katika vyuo vya umma huwa makubwa, na mwanafunzi mnyamavu hupotea humo. Migomo ya wahadhiri huja, na kalenda husogea. Mama aliniuliza, "Sasa, Mwalimu, nikiambiwa miaka minne nihesabu minne?" Nikamjibu ahesabu minne na ajiandae kwa zaidi. Kuhusu karo, mfumo ulioletwa 2023 huchanganya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mchango wa nyumbani kulingana na uwezo wa familia, na umezua kesi mahakamani na malalamiko mengi. Tulikaa na mama tukapanga stakabadhi zote, kuanzia vitambulisho vya wazazi hadi maelezo ya mapato, ili maombi yatumwe mapema. Kazi hiyo ilitula muda kuliko mjadala wote wa aljebra, na ilistahili.

Zanzibar tuliimaliza haraka. IIT Madras ilifungua kampasi huko 2023, na ni ya kweli, lakini ilianza na shahada ya kwanza ya sayansi ya data na akili mnemba, na karo huhesabiwa kwa dola. Mtoto hakuitaka, na nyumba haikuiweza. Chuo Kikuu cha Strathmore, cha kibinafsi hapa Nairobi, pia kilitajwa. Taasisi yao ya Sayansi za Hisabati, Madaraka, ina nguvu halisi kwenye aktuaria, fedha na data. Ingekuwa ndiyo chaguo langu kwa mtoto mwingine.

Walichoamua

Hisabati, Chiromo, ikaandikwa mbele. Hisabati ya JKUAT ikafuata, na aktuaria ikawekwa baada yake, ili mtoto asikose kabisa. Mwalimu mwenzangu aliniambia nimempoteza binti wa watu, kwamba A ya hisabati mtaani Umoja haichezewi. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Kijana anayesoma kitu anachokipenda kwa kina hupata gredi za juu, na gredi za juu za hisabati huajirika: benki, kampuni za simu na Shirika la Takwimu la Taifa huhitaji watu wa namna hiyo. Kumlazimisha kwingine kwa hofu ndiko ningekuita kucheza na A yake.

Hata hivyo hatukuuacha uamuzi uelee. Binti alikubali kutokwepa yuniti ngumu za uthibitisho hata wenzake wakizikimbia kulinda wastani. Sambamba na hizo atajifunza takwimu na kuandika programu kwa Python na R, kwa sababu milango ya KEMRI na ILRI hufunguka kwa ujuzi huo, na huko ndiko atakakoomba atachimenti likizo ndefu. Mwaka wa kwanza huo huo ataenda kujitambulisha kwa mhadhiri yule aliyemwekea mstari, akiwa amesoma angalau utangulizi wa kazi yake, na kuuliza kama anaweza kukaa nyuma kwenye semina. Watu huogopa hatua hii. Mimi naamini ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu barua nzuri haiandikwi na mtu aliyekuona mara ya kwanza mwaka wa nne.

Baba alitoa sharti lake: mwisho wa mwaka wa pili binti afanye karatasi moja ya aktuaria, ile ya takwimu iitwayo CS1. Akiipita, mlango wa pili uko wazi kwa ushahidi. Akiuchukia mtihani wenyewe, nalo litakuwa limejulikana mapema. Niliona ni sharti la busara, na binti alilikubali bila kununa.

Nafasi ya Chiromo ameipata. Wakati akisubiri kuripoti tunasoma naye ukomo wa mifuatano, kwa kuwa hapo ndipo wengi waliozoea hesabu za KCSE huteleza: sentensi moja yenye "kwa kila" na "kuna" zikifuatana, ambapo ukibadilisha mpangilio wa maneno hayo mawili maana nzima inaharibika. Mama ameweka faili la HELB kabatini na nakala kwa dada yake. Baba ameniuliza karatasi ya CS1 hufanywa lini. Nimemjibu kwamba hufanywa Aprili na Septemba, na ada hulipwa kwa pauni, naye ameanza kuiwekea akiba kwenye Sacco yake.